Picha ya taa za ziwani, shilingi 85,000: karibu miaka miwili ukutani saluni kwangu

Mimi ni kinyozi. Saluni yangu ipo Mwanga, Kigoma: viti viwili, benchi moja la kusubiria na feni inayofanya kazi ikijisikia. Naandika kuhusu picha niliyoichukua kwa fundi mmoja anayechora mabango, njia ya kushukia Kibirizi. Nisijifanye mpenzi wa sanaa. Niliinunua kwa sababu runinga iliungua.

Januari 2024 umeme ulikatika mchana, uliporudi ulirudi na hasira zake, runinga ikafuka moshi kwa nyuma kama mtu anavuta sigara. Ukutani ikabaki misumari minne na pande la rangi safi lenye umbo la runinga. Kwanza nikajaribu kupaziba kwa ile picha ya karatasi ya machinga, 5,000: maporomoko ya maji, nyumba ya kizungu, bata watatu. Mnaijua, ipo kwa kila wakala wa pesa na kila banda la chipsi. Ilikaa siku tisa. Hakuna aliyeitazama mara mbili, hata mimi niliyeitolea hela.

Ndipo nikashuka kwa fundi. Zilizokuwa tayari kwake ni sokwe wa Gombe, meli ya Liemba bandarini, na Livingstone na Stanley wakivuliana kofia chini ya mwembe wa Ujiji. Biashara ya wageni hiyo, na wageni wakiadimika hata sokwe wanashika vumbi. Nikamwambia nataka Ziwa Tanganyika usiku, wavuvi wa dagaa wapo kazini, taa zimejipanga. Akauliza, "Taa ngapi?" Nikakosa jibu. Nikamwambia ajaze mwenyewe.

Alianzia laki moja, tukamalizana 85,000, nikatanguliza 40,000. Ukubwa ni futi nne kwa mbili na nusu, ubao mwembamba wa hadibodi, fremu ya mbao nyepesi, rangi ya mafuta ileile ya kopo anayochorea "Hapa Tunauza Barafu". Kama unaidharau rangi ya kopo, Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia hiyohiyo, tena juu ya hadibodi, na leo jina lake ndilo jina la uchoraji wenyewe. Kwa hiyo kwenye vifaa simlaumu. Namlaumu kwenye muda. Aliahidi wiki moja, zikawa tatu. Kila nikipiga simu: "Kesho kaka, inakauka." Ilikuwa inakauka kabla haijachorwa.

Picha yenyewe sasa. Karibu yote ni maji, meusi yenye bluu kwa mbali. Juu ipo milima ya upande wa Kongo, ambayo si milima, ni weusi uliozidi weusi mwingine. Katikati taa 14. Kila taa ni nukta ya njano, ndani yake amedonoa nyeupe kwa ncha ya kijiti, na chini yake mwanga unateremka juu ya maji. Ukiusogelea huo mwanga unakuta ni mikwaruzo sita au saba ya brashi iliyokuwa inaishiwa rangi, basi. Ukirudi ukakaa kwenye benchi, inakuwa maji, na yanacheza. Taa ya nne kutoka kushoto mwanga wake umekatika katikati, kana kwamba kuna kitu kimepita mbele yake. Sijawahi kumwuliza fundi kama alikusudia au mkono uliteleza. Sitaki kujua.

Juu kulia alikuwa ameweka mwezi. Mpevu, mkubwa kama sinia. Mimi niliupenda. Siku ya nne akaja mzee mmoja wa Katonga mwenye mitumbwi yake, nikamfunga kitambaa shingoni, akainua macho, akaanza kucheka mpaka nikaondoa mashine kichwani pake nisije nikamkata.

"Kijana, hawa wavuvi wako wana akili timamu? Mwezi wote huo, wanamwashia nani taa?"

Nilitamani kujificha. Nimezaliwa hapahapa. Dagaa hukusanyika kwenye taa kwa sababu pengine pote ni giza. Mwezi ukijaa, mwanga umetapakaa ziwa zima, dagaa hawana haja na taa ya mtu, wavuvi wanabaki nchi kavu wanashona nyavu, na sokoni bei inapanda. Mwanamke yeyote wa Kigoma ananunua dagaa kwa kalenda hiyo. Nami nimetundika uongo mchana kweupe, tena mbele ya wavuvi.

Nikaibeba kwenye bajaji kuirudisha. Fundi akasema mwezi ni pambo tu. Tukabishana kama nusu saa, mwisho akakubali kuufuta bila malipo kwa sharti nimnyoe bure miezi miwili. Akaupaka giza. Lakini giza la pili halikulingana na la kwanza. Ukiitazama kwa ubavu, hasa saa kumi na moja jioni jua likichungulia mlangoni, palipokuwa na mwezi panang'aa: duara jeusi ndani ya weusi. Kwa hesabu ya ufundi hiyo ni kasoro, na ningekuwa nampa maksi ningekata. Ila ndipo macho yangu yanapokwenda kila siku.

Niseme na hili, maana bila hili nitakuwa nimewaeleza ubao na rangi tu. Mama yangu alifariki Novemba 2023, baada ya siku 19 kitandani. Hospitali siitaji. Kitanda chake kilitazamana na ukuta wenye doa la maji lililoshuka kutoka darini, na alipokuwa bado anaongea aliniomba nimgeuze aone dirisha. Vitanda vilikuwa vimebanana, hakikugeuka. Msibani sikulia. Arobaini sikulia. Watu wakasifu kwamba nimejikaza. Nilikuwa silali, na nilimfukuza kijana wangu wa kiti cha pili kwa ajili ya kopo la poda, kopo la poda jamani, nikamfuata kwao Ujiji baada ya siku tatu kumwomba msamaha mbele ya baba yake.

Jioni moja ya Aprili nimeshateremsha geti nusu, nikakaa kwenye benchi. Kinyozi huwa hakai kwenye benchi lake mwenyewe, nguo ilikuwa imejaa nywele na sikujali. Nikalitazama lile duara, nikahamia kwenye taa, nikaanza kuzihesabu. Mama alikuwa mchuuzi wa dagaa. Tukiwa wadogo alitutoa nje usiku tukasimama mlimani pale nyumbani, anatuuliza, "Taa ngapi?", ili akisie kesho mzigo utakuwa mwingi au mchache. Mimi ndiye niliyekuwa nazidisha, nikitaka afurahi. Simu ya mke wangu ikalia saa mbili kasoro. Shati lote lilikuwa limelowa kifuani, na sikumbuki nilianza kulia saa ngapi.

Usiku ule nililala mpaka adhana. Kesho yake nikaamka na hasira zangu kama kawaida, kwa hiyo asije mtu akasema nimeandika kwamba picha inatibu. Kilichobadilika ni kwamba sasa najua mahali pa kwenda kukaa, hatua nne kutoka kwenye kiti changu cha kazi.

Kuna kijana anasoma uuguzi, mteja wangu wa Jumamosi, yeye kila kitu lazima akitafute kwenye simu. Akanisomea habari ya mtafiti Mmarekani, Roger Ulrich, ya mwaka 1984. Huyo bwana alichukua kumbukumbu za wagonjwa 46 waliopasuliwa kutolewa mfuko wa nyongo kwenye hospitali moja ya Pennsylvania. Nusu dirisha lao lilitazama miti, nusu lilitazama ukuta wa matofali. Wa miti waliruhusiwa mapema kidogo na walihitaji dozi chache za zile dawa kali za maumivu. Nikamwambia, "Mdogo wangu, ishia hapo kwanza." Nikatoka nje kumwaga maji ambayo hayakuwa na sababu ya kumwagwa.

Mwaka 2025 akaja na nyingine, ya London, kwenye jumba la picha la Courtauld. Watu 50 waligawanywa: wengine wakatazama picha halisi za wachoraji wa zamani wa Ulaya, akina Manet, Van Gogh na Gauguin, wengine wakatazama nakala za picha hizohizo mahali pengine. Dakika 20. Wakapimwa kotisoli, ile homoni inayopanda mtu akiwa na msongo. Waliotazama halisi ilishuka kwa wastani wa asilimia 22, wa nakala asilimia 8. Nilipiga kofi kitini. Bata wangu wa 5,000! Na dakika 20 ndiyo kunyoa kichwa na ndevu hapa kwangu, ukiongeza taulo la moto ni 25.

Ila kinyozi huwa anabisha, ndiyo kazi yetu ya pili. Watu 50 ni wachache, walikuwa vijana wa miaka 18 hadi 40, na waliopewa nakala hawakuwa ndani ya lile jumba. Sasa kilichowatuliza ni rangi au ni ukimya wa jumba? Yule kijana hakuwa na jibu, akasema nimalize kumchonga mstari.

Kwa ninavyoona mimi kwenye kioo, maana kinyozi anaona uso wa mteja kuliko mteja anavyojiona, picha haifanyi kazi kwa mtu aliyeshika simu. Anaitupia jicho, "nzuri hiyo", anarudi kwenye simu. Wale niliowainamisha kichwa ninyoe kisogo ndio huinua macho pole pole nikimaliza, na hapo wanabaki kimya. Enzi za runinga saluni ilikuwa na ajali, siasa na kelele za mpira. Sasa watu wanaongea zaidi, halafu wananyamaza zaidi. Sijapoteza mteja kwa kukosa runinga, isipokuwa Jumapili za ligi, hizo nimepoteza wengi na sitadanganya.

Kipindi sitakisahau ni ziwa lilipofungwa uvuvi, 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ili samaki wazaliane. Miezi mitatu usiku unatazama ziwani, giza tupu. Wavuvi wakawa wanakuja saluni bila kunyoa, nywele si shida yao, wanakaa benchi mchana kutwa wanatazama picha. Mmoja akasema, "Kigoma nzima taa zimebaki kwa kinyozi." Walicheka, halafu hakuna aliyeongeza neno. Wengine walizigawana: ile yangu, ile ya shemeji, wewe na mkono wako mfupi chukua ile ya pembeni. Sijui kama kotisoli zao zilishuka. Najua walikuwa wanarudi kesho yake.

Na kuna ambaye picha inamuumiza. Mama mmoja humleta mwanawe wa darasa la pili kila mwisho wa mwezi. Siku ya kwanza alikaa, akaiona, mkono uliokuwa unampepea mtoto ukasimama. "Kaka, samahani, naweza kukaa huku?" Akageuza mgongo, akautazama ukuta wa bei mpaka tukamaliza. Baadaye nikaambiwa mumewe alitoka kuvua, ukarudi mtumbwi peke yake. Tangu hapo pana kanga juu ya kabati. Nikimwona anavuka barabara naitandaza juu ya picha, nasingizia vumbi. Naye anajua si vumbi. Anasema, "Asante, kaka," na kumsukuma mtoto kitini.

Kwa hiyo kama unataka ya kutundika mahali watu wanapoingia, fikiri kwanza nani ataingia. Nyumbani kwangu nisingeweka hii. Mke wangu ameshaniambia anataka maua, na nimenyamaza.

Matunzo: usifute kwa spiriti. Nilifanya hivyo mara moja, pembe ya chini kushoto imepauka kama goti la mtoto. Kitambaa kilicholowa maji kidogo kinatosha. Fremu imeanza kuachia pembe moja, nimepiga msumari mwenyewe. Rangi haijabanduka popote.

Nasikia fundi amepandisha bei, ya ukubwa huu sasa ni 120,000. Ningelipa, lakini ningeanza kwa kumtajia 90,000 nione. Mpe wiki tatu hata akikuapia moja. Ukitaka taa za wavuvi, mkataze mwezi mapema kabla hajafungua kopo. Na atakuuliza taa ngapi, kwa hiyo usiende kabla hujazihesabu.