Katuni tano, watoto watatu, na mimi mkalimani wao

Nyumbani kwangu kuna watoto watatu, televisheni moja, na mkalimani mmoja ambaye ni mimi. Binti mkubwa ana miaka 13 na Kiingereza chake kimeshanipita. Wa kati ana minane, anaelewa nusu na hiyo nusu nyingine anajifanya. Mdogo ana minne, haambulii kitu, kwa hiyo kila filamu naiangalia nikiwa nimeinama sikioni mwake: "Anasema hataki. Sasa amekasirika. Anamwita mama yake." Nikichelewa kidogo tu navutwa shati: "Kasemaje?" Huku mkubwa ananikata jicho kwa sababu nampigia kelele.

Likizo hii tumeangalia tano, nyingine mara mbili au tatu. Zote ni za 2024, sisi si watu wa kukimbilia kitu siku kinapotoka. Naandika kwa mzazi mwenzangu anayeperuzi orodha na rimoti dakika arobaini huku nyuma yake vita vinaendelea. Mwisho wa baadhi ya hadithi nitautaja, nisilaumiwe.

Tulianza na Mufasa: The Lion King, kwa kura zote. Imeongozwa na Barry Jenkins, inaeleza Mufasa alikotoka: mtoto wa simba aliyesombwa na mafuriko, akaokolewa na mtoto wa mfalme wa kundi jingine, wakakua kama ndugu. Huyo ndugu anaitwa Taka. Ndiyo, Taka. Wawili wadogo waligaragara sakafuni. "Baba, mama yake alimpa jina hilo kwa nini? Alikuwa hampendi?" Tangu The Lion King ya kwanza, ile ya 1994, waliotunga majina walichota kwenye Kiswahili, simba akaitwa Simba, nyani Rafiki, ngiri Pumbaa, na sisi wenye lugha tunaangalia kichekesho ambacho wenzetu hawakioni. Nchi nzuri wanayoitafuta inaitwa Milele. Nikamtafsiria mdogo: "Wanakwenda Milele." Akafikiri, akauliza, "Watarudi lini?"

Kama filamu, nimeipenda kiasi. Simba wake wamechongwa mpaka unadhani ni kipindi cha wanyamapori, na tatizo linaanzia hapo hapo: uso wa simba wa kweli haununi wala hauchekelei kama wa katuni ya kuchorwa. Wakiwa wanne pamoja mdogo hajui nani ni nani, na kazi yangu ikawa kunyoosha kidole badala ya kutafsiri. Timon na Pumbaa wanaingia kupiga porojo kila hadithi inapoanza kunoga. Halafu Taka anamgeuka ndugu yake kwa sababu Sarabi, simba jike anayemtaka, kampenda Mufasa. Binti yangu aliguna: "Yaani ni kwa ajili hiyo tu?" Mimi pia nilitegemea sababu nzito zaidi kwa mtu atakayekuja kuwa Scar, yule adui wa filamu ya 1994. Lakini pale mwishoni Mufasa anaposema hatalitamka tena jina la ndugu yake, sebule nzima ilitulia, hata wale waliolicheka jina lenyewe. Ni dakika 118. Mdogo alilala kabla hawajaumaliza mlima wa theluji.

Moana 2 sina mengi ya kusema. Awali ilipangwa iwe tamthilia ya vipande vipande, baadaye ikageuzwa filamu, na viraka vinaonekana: wanafika, wanapambana, wanaondoka, wanafika kwingine. Bahari ni nzuri. Wa kati ameipa kumi kwa kumi, lakini huyo hata matangazo huyapa kumi kwa kumi.

The Wild Robot ndiyo iliyoniliza, na sikujificha vizuri. Roboti wa kutumwa kazi anatupwa na dhoruba kwenye kisiwa kisicho na mtu, anaanguka juu ya kiota cha bata bukini, linabaki yai moja. Kifaranga kinapototolewa kinamwona yeye ndiye mama. Ana kazi tatu kabla ya baridi kuingia: akifundishe kula, kuogelea na kuruka. Imeongozwa na Chris Sanders kutoka kitabu cha Peter Brown, na sauti ya roboti huyo, Roz, ni ya Lupita Nyong'o. Sikiliza sauti hiyo ilivyo mwanzoni, changamfu na tupu kama ya mashine inayokujibu kwenye simu ya huduma kwa wateja, halafu isikilize mwishoni. Hakuna mahali unapoweza kusema hapa ndipo ilipobadilika. Ninavyojua mimi, mtu anakuwa mzazi hivyo hivyo.

Kuna mama oposamu, mnyama anayejifanya amekufa akitishwa, mwenye msururu wa watoto, na utani wa familia hiyo ni kufa, kufa, kufa. Mzaha huo sikuutafsiri. Wa kati akacheka kwa sauti, nikajua ile nusu anayoielewa ni ipi.

Kwenye kiota nilibanwa. Kifaranga, sasa ni kijana, anagundua kuwa roboti aliyemlea ndiye aliyewaangukia wazazi wake. Mdogo akanigeukia. "Robo ndiye aliyemuua mama yake?" Nikasimamisha filamu. Nikasema ilikuwa bahati mbaya, aliteleza, hakujua. "Alisema samahani?" Nikasema tuangalie. Kuanzia hapo kila Roz alipotokea niliulizwa kama ameshaomba samahani, mpaka mkubwa akamjibu kwa niaba yangu kwamba kulea ndiyo samahani yenyewe. Sijui alilitoa wapi hilo.

Sehemu ya mwisho ina chombo cha angani na maroboti ya kukamata wengine, milipuko, mbio. Ningefurahi filamu ingeishia bukini wanapoondoka kundi zima kuhama na Roz anabaki chini anaangalia. Watoto wangu wanaona nimechanganyikiwa, milipuko ndiyo yenyewe.

Inside Out 2 ilinifanyisha kazi kuliko zote, maana wahusika ni hisia zilizomo kichwani mwa msichana aitwaye Riley, na kila mmoja lazima apate jina. Wale wa zamani walikuwa rahisi: Furaha, Huzuni, Hasira, Hofu, Kinyaa. Sasa Riley anatimiza miaka 13 na wanahamia wageni. Wivu, sawa. Aibu, yule mkubwa wa waridi anayejificha ndani ya kofia ya sweta, sawa. Ila kuna mmoja amelala kwenye kochi na simu, hana hamu na chochote, jina lake wameliazima Kifaransa, Ennui. Nilihangaika. Mdogo: "Anaitwa nani?" Nikasema, "Anaitwa Nimechoka." Wa kati akamtazama dada yake, dada akamrushia mto.

Na wa rangi ya chungwa, mwenye nywele zilizosimama na mizigo mingi, nikamwita Wasiwasi. Hofu analinda dhidi ya kitu kinachoonekana. Wasiwasi analinda dhidi ya kisichoonekana, analeta mipango ya mambo ambayo hayajatokea na pengine hayatatokea. Kidogo kidogo ananyang'anya usukani. Riley yuko kwenye kambi ya hoki ya barafu, anataka kukubalika na wakubwa, anawatupa marafiki zake wawili, na siku ya mchezo anafanya rafu na kutolewa kukaa kwenye kibanda cha adhabu. Pale pumzi inamkatika. Ndani ya kichwa, Wasiwasi anazunguka mitambo kwa kasi mpaka amekuwa kimbunga cha chungwa, na ukiingia katikati ya kimbunga unamkuta amesimama tuli, macho yametoka, chozi moja. Hata yeye hawezi kuacha.

Nilikuwa bado natafsiri. "Sasa anaogopa, moyo unakwenda mbio, asije..."

"Baba," binti yangu akasema bila kunitazama, "nyamaza."

Alikuwa amekumbatia ule mto. Nilinyamaza, na mdogo, ajabu, hakunivuta shati. Hatukulizungumza usiku ule. Siku mbili baadaye, akiwa anafunga begi, akasema kama mtu anayetaja hali ya hewa: "Leo Wasiwasi ndiye yuko kwenye mitambo." Nikamuuliza kama Furaha anaweza kusogezewa kiti. Akasema labda mchana. Kwa hilo tu, dakika 96 zile nazilipia deni. Ukiwa na kijana wa umri huo, kaa naye muiangalie pamoja na usiulize maswali.

Sasa Flow. Hii niliiweka mimi, kwa mabavu, na ilipingwa. Imetengenezwa na kijana wa Latvia aitwaye Gints Zilbalodis na timu ndogo, kwa Blender, programu ambayo mtu yeyote anaipakua bure. Gharama yake ilikuwa kama euro milioni 3.5, wakati Inside Out 2 ilikula kama dola milioni 200. Machi 2025 ikachukua Oscar ya filamu ya katuni mbele ya hiyo na mbele ya The Wild Robot. Nilipowaambia, wa kati akasema refa kahongwa.

Paka, mafuriko, mashua. Ndani ya mashua kuna kapibara (mnyama wa jamii ya panya, ila mkubwa), mbwa, lemuri (kama kima) mkusanya vyombo na karani tamba, yule ndege mrefu wa miguu. Hakuna binadamu hata mmoja. Na hakuna neno hata moja, mwanzo hadi mwisho: paka analia kama paka, mbwa anabweka. Sauti ni za wanyama halisi, ingawa ya kapibara waliichukua kwa mtoto wa ngamia.

Dakika tano za kwanza mkubwa alisema inafanana na gemu ya zamani, na kweli manyoya si ya kuhesabu unyoya mmoja mmoja. Maji lakini! Nami nilikuwa nimeshainama sikioni kwa mazoea, mdomo wazi, sina cha kusema. Mdogo alinisubiri. Akasubiri tena. Kisha akaanza mwenyewe: "Anataka kupanda. Hawezi. Anamwogopa mbwa." Lemuri alipokumbatia kioo chake, akamsemea kwa sauti ya ukali: "Changu hiki, usiguse!" Karani tamba alipopigwa na wenzake kwa kumtetea paka, akasema taratibu, "Wamemkataa kwa sababu ana rafiki." Sijawahi kutafsiri sentensi nzuri hivyo.

Kuna matukio ya kutisha, paka anazama zaidi ya mara moja, shika mkono wa mtoto. Na pale ndege anapopaa kwenye mwanga mimi na mkubwa tulibishana amekufa au la, mdogo akashangaa tunabishana nini, "ameenda kwao." Usizime majina yanapoanza kupita, kuna nyangumi mtamhitaji.

Juzi waliiweka kwa mara ya tatu, nikaingia nimechelewa, nikauliza tumefika wapi. Mdogo akasogea, akanipa nafasi kwenye kochi, akaniwekea mdomo sikioni.

"Amekasirika," akaninong'oneza. "Sasa anaangalia maji."