Vikao 8 vya kaunsela Jinja juu ya stresi za kazi: nilichopata na kilichoniudhi

Mi ni ajenti wa forodha hapa Busia, upande wa Uganda, mwaka wa 11 sasa, na wenye wanafanya hii kazi wanajua vile simu inaweza kukumaliza. Lori limelala kwa foleni, dreva hana pesa ya chakula, mwenye mzigo yuko Kampala anapiga kila dakika tano anahesabu demareji, ile faini ya kuchelewesha kontena, entri, yaani fomu ya kutangaza mzigo forodhani, imerudishwa juu ya tarakimu moja tu ya kontena, na yote yanakuangukia wewe. Mwaka jana nikaanza kuamka saa kumi usiku moyo unadunda, simu ikilia mikono inatetemeka. Nikapima presha mara mbili, iko sawa. Daktari wa pili ndo akaniambia mama, hapa moyo hauna shida, hii ni stresi, tafuta kaunsela.

Nilikaa miezi miwili kabla ya kwenda. Kwetu ukisema unaona mtu wa mambo ya akili watu wanafikiria Butabika, ile hospitali ya wagonjwa wa akili Kampala, hapo hapo, na mi naishi kwa wateja, sikutaka habari ifike sokoni. Ndo nikachagua Jinja, unapanda teksi unapita Bugiri na Iganga, siku nzima inaisha. Kliniki sitaitaja jina maana nina malalamiko nayo, nataka mjue tu hii tiba yenyewe inafanyaje kazi.

Kaunsela aliiita chanjo ya stresi. Iliundwa na mwanasaikolojia anaitwa Donald Meichenbaum kwenye miaka ya 1970, na kawaida inachukua vikao 8 mpaka 15. Ni kama vile mtoto anachanjwa surua, anapewa kile kitu kikiwa dhaifu ili mwili ujifunze kupigana kabla kikali hakijaja. Mi nilikuwa nimejiandaa kwenda kupewa pole na kuombewa, kumbe nimeenda kufanya mazoezi.

Kikao cha kwanza kilipotea kwa fomu. Kuanzia cha pili nikapewa kazi ya daftari, kila simu naandika nani amepiga, mwili umefanya nini, kichwa kimesema nini. Wiki moja niliandika simu 43, na zenye zilinitetemesha zilikuwa 6 tu, na zote 6 kabla ata sijapokea kichwa kilikuwa kishasema "leo nimekwisha". Miaka yote nilikuwa nasema kazi nzima inaniua, kumbe ni simu 6 na ile sentensi moja.

Alafu tukaingia kwa kupumua polepole, kulegeza mabega na taya, na kutengeneza maneno ya kujiambia kwa nyakati nne: kabla ya jambo, likianza, likizidi, na likiisha. Hapa ndo kaunsela alinifurahisha sana. Nilileta "kila kitu kitakuwa sawa" akakataa, akaniuliza mama, wewe mwenyewe unaamini? Siamini, mzigo unaweza kukaa wiki. Akasema basi leta yenye unaamini. Tukabaki na "kazi yangu ni kuuliza namba ya entri na kumwambia kilichobaki", na likizidi "itapanda, itashuka". Hizo naziamini, na ndo maana zinafanya kazi ata saa hii.

Kikao cha sita na cha saba nitavikumbuka. Kaunsela alijifanya mwenye mzigo, akaanza taratibu, alafu akapandisha sauti: "We mama, lori langu siku ya tatu hapo, umekula pesa yangu ama?" Nilijua anaigiza na bado jasho lilinitoka. Tukarudia, na tukarudia tena, kila mara anaongeza ukali kidogo, mpaka mara ya tano nikamjibu bila sauti kutetemeka. Wiki iliyofuata kazi ilikuwa kupiga mimi mwenyewe kwa yule mteja mkali badala ya kungoja anipigie. Nilipiga. Aliongea kwa ukali vile vile, mi ndo sikutetemeka.

Lori haliondoki juu umepumua vizuri, na kaunsela hakunidanganya kwa hilo. Alinisaidia kutenga yenye naweza kubadilisha na yenye siwezi, ndo nikaweka kijana ofisini anapokea simu baada ya saa mbili usiku. Ata kama ningejifunza hilo tu ningeshukuru.

Sa yenye iliniudhi. Fomu zote ni za Kingereza, na vikao tukaanza kwa Kingereza na Luganda kidogo mpaka nikaomba Kiswahili, na tofauti ilikuwa kubwa, kwa Kingereza nilikuwa natoa ripoti, kwa Kiswahili nililia. Ulizeni lugha mapema. Pia ukuta ni plaiwudi, nilisikia mwanamke chumba cha pili akieleza mambo ya ndoa yake, na kama mi namsikia basi na yeye ananisikia. Mtu anayekuja na siri yake anastahili ukuta wa matofali. Na bei, shilingi 70,000 kwa saa moja, ongeza nauli, si kila mtu ataweza.

Kwa asiyeweza, hospitali za serikali za rufaa za mikoa zina kitengo cha afya ya akili, na wodi za kawaida za serikali ziliondolewa ada toka 2001. Tena si lazima awe mtu wa digrii kubwa. WHO, Shirika la Afya Duniani, wana kozi ya vikundi ya vikao 5, inaendeshwa kwa sauti iliyorekodiwa na watu wa kawaida waliofundishwa, na ilijaribiwa hapa hapa Uganda kwa wanawake wakimbizi wa Sudan Kusini kule kambi ya Rhino, West Nile, matokeo yakatoka 2020 yakionyesha dhiki ilipungua. Mi naombea siku moja ifike mipakani, madreva wanaihitaji kuliko mimi.

Naipa 4 kwa 5, moja nimekata juu ya ule ukuta. Nina kikao cha marudio mwezi ujao na nimeshaomba chumba cha mwisho, kile cha upande wa mwembe.