Kuburuta kwenye kivinjari: mousemove au pointermove?

Zote mbili ni matukio ya kivinjari yanayoripoti mwendo: mousemove ya kipanya, pointermove ya kipanya, kidole au kalamu. Kwa kuandika msimbo, hazipishani sana: kitufe kinabonyezwa, unafuatilia mwendo, kinaachiwa.

Tofauti huonekana mtumiaji anapoburuta kwa kasi. Ukiiweka mousemove kwenye kisanduku chenyewe kinachoburutwa, mshale hukitoroka, nacho kikabaki nyuma. Ndiyo maana wakongwe huiweka kwenye document (ukurasa mzima), kisha kitufe kikiachiwa wanaiondoa (wasiposahau, na wengi husahau). Pointermove ina amri ya setPointerCapture, inayokamata mshale: matukio yanaendelea kukifikia kisanduku hata mshale ukiwa nje yake, na kitufe kikiachiwa ukamataji unaisha wenyewe.

Kwenye simu, pointermove inashinda waziwazi. Ila weka touch-action: none kwenye CSS (mitindo ya ukurasa), la sivyo kivinjari kitasogeza ukurasa na wewe utaambulia pointercancel, yaani uburutaji umekatishwa.

Una mfumo wa ofisini unaotumika kwenye kompyuta za mezani tu, na msimbo wake wa zamani hausumbui? Baki na mousemove. Watumiaji wako wana simu au kalamu za skrini? Hamia pointermove. Vyovyote vile, usiuite mwendo uburutaji kabla haujafika pikseli 3 hadi 5. Mkono hutikisika hata mtu anapobofya tu.