Uzoefu wangu wa kutumia Linux Mint na Kolibri katika chumba cha kompyuta cha shule ya msingi

Nilipokabidhiwa chumba cha kompyuta cha shule yetu ya msingi mkoani Morogoro, nilikuta kompyuta 14 za mezani za msaada, zote zikitumia Windows 10 kwenye diski za zamani. Kuwasha moja mpaka itulie kulichukua dakika sita au saba, na kipindi chetu ni cha dakika 40. Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, nazo mashine zetu hazina chipu ya usalama ya TPM 2.0 ambayo Windows 11 inaidai. Fundi wa kwanza alitushauri tuziuze kama vyuma chakavu, ushauri ambao ninashukuru kwamba kamati ya shule iliukataa.

Tulinunua diski za SSD, zinazosoma haraka kuliko zile za zamani, za GB 120, tukaweka Linux Mint, mfumo endeshi wa bure unaochukua nafasi ya Windows, katika toleo lake jepesi la Xfce, ambalo linaridhika na kumbukumbu (RAM) ya GB 4 tuliyokuwa nayo. Sasa mashine zinakuwa tayari kabla sijamaliza kuita mahudhurio. Kilichonifurahisha zaidi ni akaunti ya mgeni, ambayo huwashwa kwenye mipangilio ya dirisha la kuingilia: mtoto anaweza kubadilisha picha ya mandhari ya skrini, kufuta aikoni au kuhifadhi michezo, lakini akitoka tu, vyote vinafutika na anayefuata anakuta mashine safi. Zamani nilikuwa nikitumia Jumamosi nzima kurekebisha mambo hayo.

Masomo yenyewe tunayapata kwenye Kolibri, programu ya bure ya shirika la Learning Equality inayofanya kazi bila intaneti. Niliiweka kwenye kompyuta moja yenye diski kubwa, na nyingine zote zinaifikia kwa nyaya kupitia swichi ya mtandao. Masomo niliyapakua mjini, nikayaleta kwa diski ya nje, kwa hiyo hatununui bando. Menyu zake zina Kiswahili, na upande wa mwalimu unanionyesha nani amekwama kwenye swali gani. Hapo ndipo nilipogundua kwamba mwanafunzi mmoja wa darasa la tano, mkimya sana, alikuwa akikosea kila mara kukopa katika kutoa, jambo ambalo daftari lake halikunionyesha.

Kasoro ipo, tena si ndogo. Mpangilio wa masomo haufuati mtaala wetu, na maudhui mengi ni ya Kiingereza, hivyo mwalimu ambaye hatakaa jioni kuchagua na kupanga masomo mwenyewe ataona watoto wanatangatanga tu.

Jambo jingine lilinisumbua wiki mbili: kila asubuhi kompyuta yenye Kolibri ilirudi kwenye tarehe ya miaka mingi nyuma, na kumbukumbu za wanafunzi zikavurugika. Tatizo lilikuwa betri bapa ya CR2032 iliyoko kwenye ubao mkuu, ambayo ilikuwa imekwisha. Nimezibadilisha katika mashine zote 14. Umeme nao hukatika ghafla, kwa hiyo kompyuta yenye Kolibri tumeiwekea UPS, kifaa chenye betri kinachoipa umeme kwa muda, na kila Ijumaa ninanakili ripoti za Kolibri kwenye flashi inayofungiwa katika kabati la mwalimu mkuu.