Kitalu cha miche ya kubebeshwa, nje ya mji Unguja

Mnaotaka mshokishoki wa kupanda uani, nawaomba msinunue mche wa mbegu; chukueni wa kubebeshwa, yaani shina lililoungwa kikonyo (kijitawi) cha mti unaozaa. Wa mbegu unaweza kutoka dume: ukautilia maji miaka mitano, sita, ukachanua vizuri tu, na usizae hata tunda moja. Ndiyo maana kitalu hiki nakisifu kwa moyo wote. Mzee mwenye nacho habebeshi ila vikonyo vya mti anaoujua uzao wake, na ukitaka kuuona mti mama anakupeleka uliposimama.

Kwake nimechukua mshokishoki, mwembe boribo na mbalungi wa nyama nyekundu. Kila mche umefungwa kibati kilichoandikwa kwa msumari: aina, mti ulikotoka kikonyo, na mwezi uliobebeshwa. Kwa sisi tunaokusanya aina zinazopotea, kibati hicho ni kitu kikubwa, kwani miche mingi ya njiani huitwa boribo kwa jina tu.

Huo mwembe niliukagua pale palipoungwa. Kovu la mshazari, limefumba pande zote mbili, halina ufa wala halitoi utomvu, na kikonyo kimeshachipua majani mara mbili. Ya juu bado yana rangi ya shaba. Chini ya kovu palikuwa na chipukizi dogo. Mzee akalinyofoa kwa ukucha. "Hili ukiliacha, mwanangu, litalishinda boribo lako, mwisho utachuma maembe ya shina."

Kasoro zipo. Viriba, ile mifuko ya kuoteshea, ni vidogo mno kwa miche iliyokaa sana. Mbalungi wangu mizizi ilishajizungusha chini, ikabidi niipunguze kabla ya kupanda. Na nailoni ya kufungia kikonyo hawaitoi, nayo shina likinenepa hulikaba. Mwambieni aikate palepale.

Mshokishoki ni Sh 15,000. Ni ghali kuliko wa njiani, lakini mimi sioni uchungu kuulipia mti nitakaokula matunda yake. Mdoriani anao wa mbegu tu, na anakwambia hivyo kabla hujauliza. Nendeni kabla masika hayajashika, maana mvua ikianza wanunuzi huwa wengi na miembe huisha upesi.

Embe muyuni la kubebeshwa hana. Mwenye kujua linakopatikana, Unguja au Pemba, tafadhali anielekeze. Nafasi yake nimeshaichimba.