Menyu ndefu, jiko dogo: rivyu yangu ya mgombea udiwani hapa Bagamoyo

Wale mnaonijua mnajua mi huwa naandika vyakula tu, pweza wa kule ufukweni karibu na soko la samaki, mihogo ya nazi, nani supu yake ina supu kweli na nani anachemsha maji na ndimu. Leo mnisamehe narivyu mgombea. Siasa sio fani yangu ila jamani mtu ukikalishwa kwenye kiti cha plastiki masaa matatu, ukapigiwa singeli mpaka kifua kinatetemeka, ukapewa karatasi na ukaahidiwa huduma ya miaka 5, hiyo ni biashara kama biashara nyingine na mteja ana haki ya kusema alichoonja.

Jina sitaji na chama sitaji, msinijie inboksi. Anagombea udiwani kata mojawapo ya hapa mjini, inatosha.

Mazingira kwanza. Mkutano ulitangazwa saa 9 alasiri, mwenyewe kaingia saa 11 kasoro na msafara wa bodaboda, afu akaanza na salamu, asalam aleikum, tumsifu Yesu Kristo, bwana asifiwe, shikamooni wazee, za vijana, mpaka za wavuvi, hapo tu dakika 10 zimeenda. Maji hakuna. Viti havikutosha, akina mama wengine wakatandika khanga chini ila wazee waliwekwa mbele kivulini, hilo nampa. Kipeperushi ni karatasi ya kung'aa, rangi pande zote mbili, picha yake imejaa upande mzima, maneno yako nyuma kwa herufi ndogo kama zile za kwenye boksi la dawa. Bi mkubwa niliyekaa naye akanisukumia chake, "Nisomee mwanangu, miwani nimeiacha nyumbani." Basi nikawa msomaji wake rasmi, na kusema kweli yeye ndo aliyenifungua macho.

Ahadi ya kwanza kabisa, kwa wino mwekundu: atahakikisha watoto wote wa kata wanasoma bila ada kuanzia shule ya msingi hadi kidato cha sita. Watu makofi, vigelegele, kuna kaka kapuliza filimbi. Nikamsomea bi mkubwa. Akaniangalia. "Hiyo ada si imefutwa zamani?"

Imefutwa ndio. Ada ya sekondari za serikali, ile 20,000 ya kutwa na 70,000 ya bweni, iliondoka Januari 2016 kwa kidato cha kwanza mpaka cha nne, na kidato cha tano na sita wakafuatia kwenye bajeti ya 2022/23. Sasa mgombea udiwani ananiahidi nini hapo? Ni kama uingie hotelini ukute kwenye menyu wameandika chumvi bure. Asante, ila mi nimekuja kula.

Na chakula chenyewe kipo, ndo kinachoniuma. Bi mkubwa analea wajukuu wanne, akanihesabia kwa vidole: mchango wa mlinzi, mchango wa uji, hela ya kutoa kopi mitihani, hela ya masomo ya ziada, na ukichelewa mtoto anarudishwa na kidaftari chake. Mwaka 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima, shule zikashtuka, baadae ikarudi kwa jina la "makubaliano ya wazazi". Na siwalaumu sana walimu wakuu. Ruzuku ya serikali kwa mwanafunzi wa msingi ni sh 10,000 kwa mwaka, na hapo kuna fungu la vitabu ndani yake. Chukua hiyo elfu kumi ugawe kwa siku za shule, unapata hamsini na kitu kwa siku, andazi gani la hamsini saivi? Pengo lazima lizibwe na mtu, na hapa kwetu anayeziba ni bibi muuza karanga. Sasa diwani ndo mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na ndo anaekaa kwenye baraza la madiwani bajeti ya halmashauri ikipitishwa. Michango gani ikubaliwe, nani asamehewe, vyoo vingapi vijengwe mwaka huu, hayo ndo mambo ya jikoni kwake. Kipeperushi kizima hakuna neno mchango. Nimetafuta mara mbili.

Kuna mwalimu mmoja alipewa maiki, nadhani waliompa walijua atasifia. Akauliza kistaarabu tu: mheshimiwa, sera mpya ya elimu imezinduliwa Februari 2025, elimu ya lazima inakuwa miaka 10 na shule ya msingi inaishia la sita, maana yake mwaka 2027 watamaliza la saba na la sita kwa pamoja, na Januari 2028 kidato cha kwanza kinapokea madarasa mawili kwa mpigo. Kata yetu ina mpango gani wa madarasa? Mgombea akafuta jasho, akasema "tutajipanga kwa kushirikiana na wadau". Maiki ikarudishwa kwa MC. Hilo ndilo swali pekee siku ile lililokuwa na tarehe ndani yake na lilijibiwa na wadau. Mwalimu akakaa, waliokaa jirani yake wakamgonga mgongoni.

Haya, haki za watoto wa kike. Hapa nataka nimtendee haki maana sehemu hii nilikuja nimeshanuna. Sisi Bagamoyo tuna historia na hili jambo. Juni 2017, kwenye uzinduzi wa barabara ya kwenda Msata, ndo Rais Magufuli alisema binti akipata mimba asirudi shule ya serikali, na wengi walishangilia, wengine hao hao wana mabinti nyumbani. Nina mtoto wa jirani yangu aliyekuwa kidato cha pili wakati ule, leo anakaanga vitumbua na mwanae yuko darasani, yeye daftari lake liliishia pale. Novemba 2021 serikali ya Rais Samia ikageuza, waziri wa elimu wakati huo Profesa Ndalichako akatangaza wanaruhusiwa kurudi. Kwa jirani yangu ilikuwa imeshapita.

Kipeperushi kinasema wazi, "haki ya binti kurudi masomoni baada ya kujifungua". Nikasema huyu mtu kakomaa. Afu akafika kwenye hiyo hoja jukwaani, akageuka akawatazama wazee waliokaa mbele, sauti ikashuka, ikawa "binti anaweza kurudi, ila kwa kuzingatia mila na maadili yetu". Mila na maadili ndo ipi hiyo? Anarudi au harudi? Karatasi imepikwa kwa ajili ya vijana na mdomo umepikwa kwa ajili ya wazee, tena siku hiyo hiyo uwanja huo huo, na sisi wote tuna masikio. Kama unaamini arudi, waambie wazee kwa heshima kwamba wazee wangu shikamooni hapa nitatofautiana na nyinyi. Wangenuna kidogo wangepoa, wazee wa hapa wamesikia mengi. Na nilitegemea ashuke mpaka kwenye mambo yanayomzuia binti kwelikweli: akirudi mtoto anabaki na nani, saa ya kunyonyesha anafanyaje, wanaomcheka darasani wanaambiwa nini. Waraka wa serikali wa kumruhusu kurudi unafungua geti la shule tu, kumfikisha binti getini ni kazi ya kata.

Ndoa za utotoni akaahidi "nitazifuta". Bi mkubwa akaguna, mi nikacheka kabisa. Sheria ya Ndoa ni ya mwaka 1971, kifungu cha 13 kinaruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa na cha 17 kinataka ridhaa ya mzazi. Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, alienda nayo mahakamani, Mahakama Kuu ikasema Julai 2016 vifungu hivyo vinakiuka katiba na ikatoa mwaka mmoja virekebishwe, serikali ikakata rufaa, Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana na Mahakama Kuu. Bado bungeni mambo yakaenda polepole. Jambo lililowashinda wabunge kulimaliza, diwani analifuta kwa maiki? Angesema kitu cha size yake: tangu 2016 Sheria ya Elimu inampa miaka 30 jela anayempa mimba au kumuoa mwanafunzi, na mimi nikiwa diwani familia zikikaa kumalizana kwa mbuzi na laki tatu sitokaa nao kwenye huo mkeka. Hapo ningesimama kupiga makofi, maana sote tunajua kesi zinaishia wapi, zinaishia barazani kwa mtu, kimyakimya, kwa chai.

Pedi nazo, eti ataondoa kodi. Kodi ya ongezeko la thamani kwenye pedi iliondolewa 2018 ikarudishwa 2019, ni mambo ya Dodoma hayo. Yeye angetuambia choo cha wasichana chenye mlango unaofunga na maji.

Nimefika kwenye ile iliyonikera zaidi, na hapa nina maslahi nasema mapema. Mikopo ya asilimia 10. Kwa wasiojua, kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani ikope vikundi bila riba, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, ni sheria tangu 2018. Kikundi chetu cha akina mama tulikusanya kila kitu, katiba, muhtasari, akaunti, barua za mtendaji, picha pasipoti nimepiga mara mbili maana ya kwanza nilifumba macho. Aprili 2023 mikopo ikasitishwa nchi nzima kwa sababu ya hela zisizorudi na vikundi hewa, ikaja kurudishwa 2024 kwa utaratibu mpya. Sawa, wezi walikuwepo, sibishi. Ila tuliokuwa na karatasi halali tulianza upya kama wao, na wawili kwenye kikundi chetu wakakata tamaa wakaenda kwenye zile kausha damu, mikopo ya riba kubwa ya mtaani, mmoja mpaka leo friji lake halipo.

Hii ndo sera ya jamii ambayo diwani anaigusa kwa mkono. Kwenye kipeperushi imepewa nini? "Kuwawezesha wanawake, vijana na makundi maalum." Maneno sita. Hakuna asilimia, hakuna neno mkopo, wala namna orodha ya waliopata itakavyobandikwa ofisi ya kata tuione. Na kijana mwenye baiskeli ya magurudumu matatu alikuwa pembeni kabisa ya uwanja kwenye mchanga kwa sababu pa kupita hapakuwepo, yeye ndo kundi maalum lenyewe, hakuna aliyemwendea.

Huduma kwa wateja nimejaribu pia maana kuna namba nyuma ya karatasi. Siku ya kwanza inaita haipokelewi. Ya pili kapokea kijana akasema mheshimiwa yuko kwenye kikao nimtumie WhatsApp. Nikamwandikia kwa adabu zote maswali matatu: michango, madarasa ya 2028, asilimia 10. Usiku saa 4 ikaja meseji, "Asante dada yangu kwa kuniunga mkono." Sijakuunga mkono kaka yangu, nimekuuliza. Nikaandika tena. Hapo akanishangaza, kapiga mwenyewe, dakika 7 tumeongea, na kwenye simu bila spika na bila wazee anaeleweka kuliko jukwaani mara mia. Alikiri hiyo ya ada aliandikiwa na vijana wake. Akaniomba nimtumie hesabu ya ile elfu kumi.

Nyota, naanza kutoa: spika 1, kipeperushi 2, binti kurudi shule 3 na ingekuwa 4 bila ile mila na maadili, asilimia 10 sifuri, simu 4. Bi mkubwa yeye kampa nyota 1 nzima nzima, nilipomuuliza ya nini akasema ya kivuli.

Hesabu nimemtumia juzi. Kasoma, tiki za bluu naziona. Ninasubiri jibu hapa na sahani yangu ya pweza, mia tano kipande, pilipili ya ukweli.