Kiyoyozi: sevisi ya kila mwaka au usubiri kiharibike?

Hapa Tanga, hasa Raskazone na kwingine karibu na bahari, upepo wa chumvi hula taratibu mapezi ya alumini ya kile kipande cha nje.

Anayesubiri huonekana mjanja mwanzoni, hajamlipa fundi hata senti. Ila umeme wa LUKU unaisha mapema, maana kompresa, ile pampu ya gesi, inahangaika zaidi kufikia nyuzi 24 zilezile. Baadaye mpira wa kutolea maji unaziba, ukuta unalowa. Kompresa ikifa, mara nyingi bora ununue kiyoyozi kipya.

Sevisi ya kweli ni kuosha koili zote mbili (yale mabomba yenye mapezi, ya ndani na ya nje), kuzibua mpira, kukaza nyaya na kupima presha ya gesi. Kwenye gesi fumbua macho: haitumiki ikaisha kama ya jikoni. Ikipungua, kuna mahali panavuja. Fundi anayekuongezea kila mwaka bila kutafuta tundu anakuuzia hewa. Chujio la ndani lioshe mwenyewe kwa maji ya bomba.

Cha chumba cha wageni, kinachowashwa Idi hadi Idi, mimi ningesubiri tu. Cha chumba cha kulala lipia, na fundi umwite Novemba, kabla joto la kaskazi halijapamba moto na mafundi hawajaanza kuringa.